Mtie Damu Kidogo

Macho hayana pazia, husema watu, na husema hivyo wakicheka, wakimtetea aliyekodolea macho kisichomhusu. Mimi nasema macho yana pazia. Tena zito, lenye rangi, na mara nyingi anayelivuta siye mwenye macho.

Nilijifunza hilo Makambako, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba wangu Nasiri, miaka ile ambayo kila mwenye lori alirudi kutoka Dar es Salaam na kitu ambacho zamani tulikiona kwa wageni tu. Mmoja alileta friji, mwingine dishi la televisheni. Mjomba aliniletea printa ya picha.

“Stashahada yako imeangikwa ukutani kama kalenda ya mwaka jana,” aliniambia. “Iteremshe, ifanye kazi.”

Nilikuwa nimesomea uandishi wa habari. Gazeti lililoniajiri lilikufa kabla kiti changu hakijapata joto, nikarudi kwetu na kompyuta ya mtumba, skana ya mtumba, na ulimi usiokubali kunyamazishwa.

Picha za kwanza zilitisha. Mjomba, mtu mweusi wa kung’aa, alitoka na uso wa kijani. “Umenitia ugonjwa wa nyongo, Maua,” alisema. Mkewe alijitazama akaiweka picha chini. “Wewe una nyongo tu. Mimi nimekuwa bilinganya.”

Printa haina macho. Hupewa namba na kompyuta, nayo hutema wino kwa mazoea yake, na mazoea yake iliyapatia mbali, kwa karatasi nyingine na kwa ngozi nyingine. Dawa yake ni kuitengenezea kitu nilichokiita wasifu wa rangi. Unachapa ukurasa wa miraba midogo mingi, kila mraba na rangi inayojulikana. Unauacha ukauke. Kisha unaulaza kwenye skana pamoja na kadi ya rangi sahihi, na programu inapima printa imekosea wapi na imezidisha nini. Makosa yote yanaandikwa katika faili dogo, na tangu hapo kila picha hupitia kwanza kwenye faili hilo, ikanyooshwa kabla tone la wino halijaanguka. Karatasi ikibadilika, wasifu nao hubadilika. Na hukumu ya mwisho haitolewi chini ya balbu, kwa sababu balbu hupaka kila kitu umanjano. Hutolewa mlangoni, mchana, mbingu ikiwa na wingu. Kwa mawingu, sisi wa huku juu hatuna njaa.

Kigumu kuliko vyote ni kijivu. Nyekundu ikikosewa kidogo hakuna anayejua. Kijivu kikikosewa kinapiga kelele. Siku mraba wa kijivu uliponyamaza, nilimchapa mjomba upya. Alijitazama, akajishika shavu kama anayehakikisha. “Huyu ndiye,” akasema, na habari zikaenea hadi Njombe kwamba pale Makambako kuna binti anayerudishia watu rangi zao.

Mama Ema alikuja siku ya manyunyu. Jina lake ni Dorosela, lakini sijawahi kulitumia. Alikuwa mtu wa rika la mama yangu, mkulima wa kijiji kimoja nje ya Njombe, Mlutheri wa kuzaliwa, na alivaa sweta mbili moja juu ya nyingine.

“Kamwene, mwanangu. Ndiwe unayerudishia watu rangi?”

“Kamwene, mama. Wengine wanasema ninawaondolea. Karibu, keti.”

Alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akatoa kifuani pakiti ya majani ya chai iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na picha, na picha yote ilikuwa nyekundu. Picha za rangi za zamani hufa hivyo: bluu hutangulia kuondoka, na wekundu hubaki nyuma kama mgeni asiyejua kwamba karamu imekwisha. Niliona wanaume wawili mbele ya blanketi lililotundikwa. Mmoja aliketi kwenye kiti cha kuegemea, amevaa sweta, mkono wake juu ya mpini wa jembe. Mwingine alisimama pembeni, ameinama kidogo, ameushika mpini huohuo.

“Aliyeketi ni mume wangu, Elius. Aliyesimama ni mdogo wake, Methusela. Katika ukoo wetu, anayemwachia mwenzake shamba humshikisha mpini wa jembe. Hapo Elius anamwachia Methusela kinyungu chetu.”

Sikuhitaji kuelezwa kinyungu ni nini. Ni shamba la bondeni, ambako udongo hubaki na maji hata kiangazi kikikausha kila kitu huko mlimani. Mwenye kinyungu halali njaa, na hakitoi kwa mtu akiwa na mke.

“Na wewe ulikuwa wapi, mama?”

“Ilembula, hospitali, namzaa Ema. Nilimwacha Elius na homa. Akaniambia nenda tu, mimi nitapona. Niliporudi nikakuta sanduku limekwisha kupigwa misumari. Wakaniambia alikufa Jumamosi. Eti Ijumaa aliamka, akaketi, akaita mpiga picha aliyekuwa anapita, akamkabidhi ndugu yake kinyungu. Ushahidi wenyewe ndio huu, na nyingine kama hii anayo Methusela.”

Miaka yote hiyo Methusela alikuwa amemwachia kipembe alime kabichi, na Ema alisoma kwa kabichi hizo. Sasa tajiri mmoja wa viazi, wa hapahapa Makambako, alikitaka kinyungu chote. Ukoo ungekusanyika siku ya kuweka msalaba wa saruji kaburini kwa Elius, na mbele ya ukoo Methusela angeinua picha ile, wazee wangeitikia, na jioni hiyo kinyungu kingekuwa cha mtu mwingine.

“Nikitoka pale sina pengine,” alisema Mama Ema.

“Sasa unataka nikufanyie nini, mama?”

“Nipe uso wake. Ukubwa wa kutosha kuweka mbele ya msalaba. Elius hakuweza kunificha kitu usoni. Kama alitoa kwa moyo, nitauona moyo, nami nitafungasha na kunyamaza. Kama walimlazimisha, nitauona ugomvi. Lakini kwenye wekundu huu naona moto tu.” Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja jambo la aibu, “Hata mimi nimeisahau rangi yake.”

Nilimwambia ukweli wa kazi yangu: bila kitu halisi cha kulinganishia, ningebahatisha. Akafungua kitenge alichobeba. Alitoa kipande cha blanketi la kijivu, lilelile la kwenye picha, ambalo bado alikuwa analifunika. Kisha akatoa sweta ya kijani yenye mstari wa haradali kifuani.

“Niliifuma mimi. Ndiyo aliyovaa hapo. Nguo za marehemu ziligawiwa ndugu wote kama ilivyo desturi, ila hii Telesia aliniletea kwa siri. Wifi yangu, dada yao. Yule aliyekatwa ncha ya kidole na mundu. Aliniwekea mapajani akaondoka bila kusema neno. Hadi leo tukikutana njiani huangalia miguu yangu.”

Nilianza na wasifu mpya kwa karatasi nzito niliyokusudia kuitumia. Kisha nikaisoma picha kwenye skana na kuanza kuirudisha. Nilipunguza wekundu mpaka blanketi la kwenye kioo cha kompyuta likawa kijivu kama kipande kilichokuwa mkononi mwangu. Nikachapa, nikakausha, nikatoka mlangoni, nikailaza karatasi juu ya sweta yenyewe. Mara ya kwanza kijani kilikuwa kikavu. Mara ya pili haradali ilizidi. Nilirudi, nikapima, nikachapa tena, mpaka ikafika mahali ambapo sweta ya karatasi, ikiwa juu ya sweta ya sufi, ungeweza kupoteza mpaka kati yao.

Na hapo Methusela akaamka. Weusi wake ulipata wekundu wake wa chini kwa chini, ule wa mtu aliyepandisha mlima. Kulikuwa na jasho puani. Katika kila jicho lake palikuwa na nukta ndogo ya mwanga, dirisha la siku ile.

Elius hakuamka.

Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu lililonyeshewa. Niliona aibu, nikadhani nimeharibu. Nikasafisha kichwa cha printa. Nikachapa tena ukurasa wa miraba: kila mraba ulikuwa mahali pake, na kijivu kimenyamaza kimya. Nikachapa picha ya kiganja changu, nikaweka kiganja juu yake: kiganja. Nikamchapa mjomba: mjomba. Printa ilimkubali kila mtu isipokuwa yeye. Nikatengeneza wasifu mwingine, wenye miraba mingi zaidi na makini zaidi, na ndipo mwili uliponisisimka, kwa sababu kila hatua blanketi lilipoukaribia ukweli, kila hatua sweta ilipoukaribia, Elius alizidi kwenda mbali. Kana kwamba wekundu ule ndio uliokuwa pumzi yake ya mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa naivuta itoke.

Nikamtazama kwa kioo cha kukuzia. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuwa na ile nukta ya mwanga. Mkono uliolala juu ya mpini ulikuwa na kucha za zambarau.

Nilianza kuigeuza picha ielekee ukuta kila nilipotoka. Nikirudi naikuta imejikunja. Karatasi hujikunja kwa unyevu, hilo najua, na Makambako hukosi unyevu. Lakini hii ilijikunja upande mmoja tu, upande wake, kama mtu anayeinama taratibu kuelekea magotini.

Mjomba Nasiri aliingia adhuhuri moja na kikombe cha chai ya tangawizi. Mjomba, pamoja na malori yake, ni mmoja wa waosha maiti wa msikiti wetu. Alisimama nyuma yangu, akanywa fundo moja, halafu sikusikia fundo la pili.

“Maua. Huyu wa kwenye kiti, kwa nini wamemkalisha?”

“Ndivyo alivyopigwa, mjomba. Alikuwa anaumwa.”

“Haumwi.” Alikiweka kikombe mezani. “Rangi hii siijui kwa macho tu. Naijua kwa viganja. Huyu alishamaliza kuumwa.”

Nje lori lilikuwa likipiga honi, watu wakipakia vitunguu wakitukanana kwa furaha. Ndani, mjomba aliinama karibu na picha.

“Na nani anamshika?” akauliza.

“Hajashikwa, mjomba. Tazama, Methusela mikono yake yote iko kwenye jembe.”

“Mtu wa hivi haketi peke yake. Kichwa kingekuwa kifuani. Mtafute anayemshika.”

Nikaikuza shingo. Kwenye ile picha nyekundu palikuwa na mkunjo kwenye ukosi wa sweta, mkunjo ambao jicho lilipita juu yake bila kusita. Sasa blanketi lilikuwa kijivu, sweta kijani, na ule mkunjo ulikuwa kahawia. Ulikuwa vidole. Vilitokea nyuma ya blanketi, kwenye upenyo wake wa pembeni, vikaukamata ukosi kwa nguvu mpaka sufi ikavutika. Vidole vinne. Kimoja hakikuwa na ncha.

Mjomba alisema maneno ya msiba kwa sauti ndogo. Akarudi nyuma hadi mlangoni. “Kikombe changu kitoe humo,” akasema. “Chai hiyo sinywi.”

Methusela alikuja yeye mwenyewe, ndani ya lori la viazi, amevaa koti zuri na kofia ya pama. Alikuwa na sauti tamu ya mtu aliyezoea kusoma somo kanisani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Kumbe ndiwe! Nilitarajia mwanamume mwenye miwani.”

“Wote hutarajia hivyo. Keti.”

Aliketi, akaivua kofia, akaiweka gotini. “Nimesikia shemeji amekuletea picha ya kaka yangu. Nimekuja kukupunguzia kazi. Iache ilivyo. Ikuze tu. Wekundu wake tumeshauzoea.”

“Mama Ema anataka rangi yake halisi.”

“Halisi!” Alicheka, na kicheko kilikuwa kizuri. “Marehemu ana rangi gani halisi, mwanangu, zaidi ya udongo? Sikiliza. Kama umeshaigusa, mtie damu kidogo. Hapa mashavuni, na midomoni. Mrembo kama wewe si unajua kupaka?”

“Napaka midomo yangu, mzee. Ya watu siipaki.”

Picha ilikuwa mezani, kifudifudi. Nikaigeuza, nikaisogeza mbele yake. “Mtazame mwenyewe, uniambie damu niitie wapi.”

Mtu ambaye hajauona uso wa kaka yake tangu kumzika, ukimpa uso huo, atautazama uso. Methusela hakuutazama. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ukosi wa sweta, yakasimama hapo. Kisha akanyoosha mkono, akaifunika picha kifudifudi tena, polepole, kama mtu anayevuta shuka juu ya kichwa cha mwingine.

“Nani mwingine ameiona?”

“Mjomba wangu. Huwa anaosha maiti.”

Aliizungusha kofia gotini. Aliposema, hakupandisha sauti. “Utakuja kuniomba radhi. Mbele za watu. Kwa kumharibu marehemu. Hilo nitahakikisha.”

“Nikuletee chai, mzee?”

“Sinywi.”

“Sawa. Humu ndani siku hizi hakuna anayekunywa.”

Asubuhi ya siku ya msalaba nilipanda na lori la mjomba hadi Njombe, nikamalizia njia kwa miguu, picha ikiwa imefungwa kwenye fremu na kuviringishiwa kitenge. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kila kitu. Miti ya miwati ilionekana mmoja mmoja, unapoufikia tu, na nyuma yako ukitazama ulikuwa umeshaondoka. Nilijisikia nimebeba mtu, na mtu huyo alikuwa anazidi uzito.

Nilimkuta Mama Ema peke yake, wageni bado hawajafika. Nilikuwa nimeandaa maelezo njia nzima. Alinipokea picha kwa mikono miwili, akaitoa nje, kwenye mwanga ule wa ukungu usiopendelea rangi yoyote. Alitazama kwa muda mrefu. Akaenda ndani akaleta sweta, akaiweka kando ya picha, akatazama tena. Akaweka kidole gumba juu ya mdomo wa mumewe.

“Mdomo huu hakuufunga yeye,” alisema. “Elius alikuwa halali ila mdomo wazi.”

Kisha akaviona vidole. Sikumwonyesha.

“Mama,” nikasema, “ukitaka, naweza kuirudisha. Naweza kumpa rangi kidogo, watu wasi...”

“Miaka yote nilijiuliza, alitoa au alikataa?” Hakuwa ananijibu. “Hakutoa, wala hakukataa. Hakuwapo.” Akanirudishia picha. “Ifunike kwa kitambaa cheupe. Iweke mbele ya msalaba.”

Halafu akaichukua ile sweta ya kijani na kuivaa juu ya zile mbili alizokuwa amevaa.

Watu walikuja wengi. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, msalaba wa saruji ukasimama mweupe ndani ya weupe wa ukungu. Pembeni, karibu na gari lake, tajiri wa viazi alikuwa akipuliza viganja kwa baridi. Methusela alisimama kusoma wasifu wa marehemu, kwa sauti ile tamu, na alipofika mwisho akachomoa mfukoni nakala yake ya ile picha nyekundu, akaiinua.

“Na Ijumaa, siku moja kabla Bwana hajamwita, akiwa na akili zake timamu, alinishikisha jembe kama mnavyoona.”

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wameiona picha hiyo mara nyingi. Mchungaji akamwomba mjane aondoe kitambaa kwenye picha kubwa, na kwaya ikaanza wimbo.

Mama Ema akavuta kitambaa.

Hakuna aliyepiga kelele. Wimbo ndio uliokufa, kuanzia mstari wa mbele wa kwaya hadi wa nyuma, kadiri kila mmoja alivyoinua macho. Waliosimama pale walikuwa watu waliobeba majeneza, wanawake waliokesha na kuvua pete kwenye vidole vilivyopoa. Rangi ile waliijua wote. Walikuwa hawajawahi tu kuambiwa na picha. Tulishazoea picha zitoe watu wekundu au weusi kama masizi. Tuliziuliza nani alikuwapo, hatukuziuliza alikuwa na hali gani.

Na kilichommaliza Methusela ni kwamba alikuwa amesimama pale pale kando ya picha. Methusela wa karatasi na Methusela wa koti walikuwa na ngozi moja. Sweta ya karatasi na sweta ya mwilini mwa Mama Ema zilikuwa kijani kimoja. Kila kitu kilifanana na chenyewe, na katikati yake ameketi Elius.

“Picha imeharibiwa!” Methusela alipaza sauti. “Binti wa mjini huyu, na mashine zake!”

Bibi mmoja aliyekaa kwenye nyasi akamjibu bila hata kugeuza shingo. “Mbona wewe hujaharibika?”

Ndipo watu walipopisha njia. Mwanamke mdogo wa umbo alikuwa anakuja mbele, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya kitenge. Alifika kwenye picha, akaangalia miguu ya Mama Ema kama kawaida yake. Kisha akautoa mkono, akaviweka vidole vyake juu ya ukosi wa sweta ya karatasi. Kidole kifupi kikakaa juu ya kidole kifupi.

“Alikuwa mzito,” alisema Telesia.

Ukungu ulikuwa unapita katikati yetu taratibu. Niliuona ukiingia mdomoni mwa Methusela na kutoka. Kwa Elius haukuingia. Picha haipumui, najua, lakini nilikuta ninangoja.

“Uliniambia nishike kidogo tu, Methusela. Alikuwa mzito, na baridi, na yule wa picha akawa anasema bado, bado, kichwa juu kidogo, mgonjwa ajikaze. Nikaminya mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa amekufa tangu Alhamisi.” Hakuuondoa mkono. “Bado viko hivyo. Asubuhi huwa sivisikii.”

Gari la tajiri wa viazi likawashwa. Hakumuaga mtu. Tulilisikia likishuka muda mrefu baada ya kulipoteza kwenye ukungu.

Wazee walijitenga chini ya ukuta wa jiko, wakakaa, wakarudi. Kinyungu ni cha Mama Ema, chote, hadi kijito. Walisema hivyo mbele ya msalaba, na Mama Ema akaitikia kwa neno moja, halafu akaenda kumshika Telesia mkono, ule ule, akaanza kuusugua kama unavyousugua mkono wa mtoto aliyetoka kucheza kwenye umande.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa naviringisha kitenge changu mzee Clemens aliponijia, mzee wa kanisa, mtu mpole, fimbo mkononi. Nyuma yake alisimama Methusela, kofia kifuani, anangoja. Na nyuma ya Methusela, watu wote.

“Binti yetu,” alisema mzee Clemens, “la shamba tumelimaliza. Lakini umemweka marehemu uchi mbele za watoto. Na huyu naye, pamoja na yote, ni mtu mzima, umemvua nguo pamoja naye. Hatukulaumu. Sema neno moja tu, samahani, tule chakula na amani.”

Nilitazama picha. Wino wa printa yangu haudumu, na sikumficha Mama Ema hilo. Mwanga wa dirishani utaila, bluu itatangulia kuondoka, na mwaka baada ya mwaka wekundu utarudi mashavuni mwa Elius, midomo itapata damu, mpaka siku moja mgeni ataingia nyumbani mle aone mtu mzima wa afya aliyeamka, akaketi, akashika jembe. Najua. Ndiyo maana faili lake ninalo. Siku hiyo nitamchapa upya, kwa kijivu kilekile.

Watu walikuwa wananitazama. Methusela alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa kidogo, tayari kunipokea.

“Shikamoo, mzee Clemens,” nikasema, maana nilikuwa bado sijamwamkia.

“Marahaba, mwanangu.”

“Siombi radhi.”